Lundo la Mfalme Kirumbi

Ipo nchi moja, si hii yetu, maana hii yetu mambo hayo haiyajui, inayotawaliwa na mtu aitwaye Mlezi Mkuu. Nchi hiyo ina mlima uitwao Kidundwe, na kileleni lipo lundo la mawe lenye kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, ambalo ndilo kumbukumbu kubwa kuliko zote za kifalme. Lundo hilo limechorwa kwenye stempu, kwenye majalada ya madaftari na kwenye kanga za chama. Mtoto wa darasa la nne akiulizwa katika mtihani kwa nini raia wa zamani walipandisha mawe yale mlimani, hana budi kujibu kwamba ni kwa mapenzi yao kwa Mfalme Kirumbi. Akijibu vinginevyo anarudia darasa.

Bi Nangasu hakuwahi kujibu hivyo, kwa sababu shule hakwenda. Yeye alikuwa mtunza lundo, kama baba yake na babu yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwembamba, mwenye miguu ya kuzoea mwinuko na ulimi usiomwogopa mtu. Ukweli wa lundo aliujua, nao ulikuwa hivi.

Mfalme Kirumbi alichoshwa na malalamiko. Kila akifungua mlango asubuhi anakuta baraza imejaa: huyu kanyang'anywa shamba na jumbe, yule ng'ombe wake kaliwa na wapambe wa mfalme. Mfalme akafikiri, akatoa amri ya busara sana. Mwenye shauri na abebe jiwe kutoka nyumbani kwake, lisilopungua uzito wa mtungi wa maji, apande nalo Kidundwe, alitue kileleni mbele ya mfalme aseme neno lake. Shauri likipata haki, mfalme atalishusha jiwe kwa mikono yake mwenyewe na kulifikisha mlangoni kwa mwenye nalo. Lisipopata, jiwe litakaa. Alidhani hapo amewaweza, kwani nani atapanda mlima saa tatu na jiwe kichwani kwa ajili ya ng'ombe aliyekwisha kuliwa?

Walipanda. Mwezi wa kwanza mawe yalimfika mfalme magotini, naye kakaa kwenye kigoda chake. Mwaka wa pili kigoda hakikuonekana. Mfalme akashuka kwa kisingizio cha baridi, akamwacha babu wa babu yake Bi Nangasu asikilize kwa niaba yake, na huko chini akafa kwa uzee pasipo kushusha hata jiwe moja. Waliomrithi wakafuata nyayo. Wakaja wageni wakatawala, mawe yakaongezeka. Wageni wakaondoka, bendera ikabadilishwa, watu wakacheza ngoma siku saba, na siku ya nane akapanda mtu na jiwe. Ukoo wa Bi Nangasu ulirithishana maneno ya mawe hayo kama wengine wanavyorithishana mashamba: hili la nani, na shauri lake nini.

Jiwe moja jekundu, upande wa mashariki, lilikuwa lake mwenyewe.

Kijiji chao cha Kwamhafa kilikuwa na zahanati nzuri ya matofali ya kuchoma, yenye bati la kijani, waliyoijenga wanakijiji kwa nguvu zao. Ilikuwa na miaka tisa tangu ikamilike, na miaka yote tisa ilikuwa imefungwa kwa sababu haijazinduliwa. Katika nchi ile jengo lisilozinduliwa halipo. Azinduaye ni kuanzia waziri kwenda juu, na mawaziri kila walipokaribia Kwamhafa walikumbuka kwamba wana mkutano. Utepe wa mlangoni ulikuwa umebadilishwa mara nne: mara mbili uliliwa na jua, mara mbili na mbuzi. Muuguzi naye hakuletwa, kwani utampangaje mtu kazi katika jengo ambalo halipo?

Mwaka juzi Hidaya, binti pekee wa Bi Nangasu, alishikwa na uchungu. Wakamlaza kwenye machela kuelekea hospitali ya wilaya, mwendo wa saa sita. Walipita mbele ya zahanati. Mtoto alizaliwa darajani, kabla ya nusu ya njia, na hakulia. Bi Nangasu alimzika mjukuu wake, akarudi, akaokota jiwe jekundu uani mwa zahanati, akapanda nalo. Kileleni hakukuwa na wa kumuuliza, akajiuliza mwenyewe kwa sauti kama mila inavyotaka.

"Jiwe la nani?"

"La Nangasu."

"Shauri gani?"

"Zahanati ifunguliwe."

Akalia, yeye ambaye hakuwa na mazoea ya kulia, akapenga kamasi, akashuka. Na sasa Hidaya alikuwa na mimba nyingine ya miezi minne.

*

Mwaka huo nchi jirani ilisimamisha sanamu ya farasi. Mlezi Mkuu aliiona kwenye televisheni wakati wa chakula, akaweka kijiko chini.

"Na sisi tuna nini?" aliuliza.

Wakamwonyesha stempu. Akaitazama sana. "Mbona limeinama?"

Kweli lilikuwa limeinama kidogo tangu mvua za vuli. Kufikia kesho yake ilikwisha undwa Tume ya Kurejesha Hadhi ya Kumbukumbu za Kifalme Zilizoko Mahali pa Mwinuko, na mwenyekiti wake akawa Daktari Eliakunda Mshigheni, mtaalamu wa mambo kwa jumla. Daktari alipanda Kidundwe ameketi kwenye kiti kilichobebwa na wapagazi wanne, ndani ya suti nyeusi, akifuatana na wasaidizi kumi na wawili, brashi mia mbili na katoni ishirini za sabuni ya unga.

"Mama," alisema kabla hajashushwa, "serikali imekuja kuyaogesha mapenzi ya mababu zako."

"Mapenzi yapi, baba?"

Daktari akaliegemea lundo, akalipigapiga kwa kiganja. "Haya hapa."

"Haya ni mashauri. Hilo unaloegemea ni la Sempombe. Mizinga yake saba ya nyuki ilichukuliwa na Bwana Misitu mwaka wa mafuriko, na hadi leo anataka arudishiwe. Amekufa, lakini anataka."

Daktari akaacha kuegemea. Akacheka kicheko kifupi cha watu waliosoma nje.

"Mama yangu, wewe unayaona mawe kwa karibu mno. Utafiti unayaona kwa mbali. Hebu niambie, mtu asiyempenda mfalme wake angempandishia jiwe saa tatu nzima?"

"Anayempenda angempandishia asali."

Msaidizi mmoja akaanza kuliandika hilo kwenye daftari. Daktari akamtazama, msaidizi akalikata.

Kazi ikaanza. Mawe yote yaliteremshwa, yakasuguliwa kwa sabuni, yakasuuzwa, yakaanikwa, yakarudishwa. Bi Nangasu alisimama hapohapo siku arobaini, akielekeza lipi likae wapi, kwani asingeruhusu mashauri ya watu yachanganywe. Daktari aliandika katika ripoti kwamba mtunza ana kipaji cha asili cha usanifu. Walipopima mwishoni wakagundua kwamba lundo, hata likiwa limenyooka na linanukia, bado limezidiwa na farasi kwa mita tatu.

Basi likatoka agizo: kila kaya nchini ipeleke Kidundwe jiwe moja la mapenzi.

Sasa hapa serikali ya nchi ile ilishangaa kwa furaha. Kwa kawaida watu wake hawaendi kwenye sherehe ila kwa malori, na soda juu yake. Safari hii hawakungoja lori. Habari zilienea toka soko hadi soko kwamba mlimani kuna mwanamke anayesikiliza, na kwamba kwenda ni ruhusa, tena ni amri. Foleni ikaanzia kileleni ikaishia bonde la tatu. Watu walipanda na mawe kichwani, begani, kwenye mbeleko, na kila mmoja alipofika aliinama sikioni mwa Bi Nangasu.

"Jiwe la nani?"

"La Sakina wa Mlesa."

"Shauri gani?"

"Daraja. Lilisombwa, tukaambiwa lipo kwenye mpango. Tunapita kwenye maji na mpango wao."

"Lingine."

"La Mbonea, dada. Mwalimu wa hesabu aliaga anakwenda kuchukua chaki. Mwaka wa tatu huu."

Daktari alisimama kando na miwani ya jua, akisikia mnong'ono tu. Jioni akaandika kwa Mlezi Mkuu: *Wananchi wanapanda kwa hiari, wakinong'ona kwa hisia kali majina ya viongozi wao.* Wala hakusema uongo.

Siku moja alifika mzee na punda mwenye mawe matatu. Msaidizi akamzuia: agizo ni jiwe moja kwa kaya.

"Mwanangu," mzee akasihi, "moja halinitoshi. Nina ya ardhi, ya maji, na ya huyo mkuu wa wilaya mwenyewe. Nimetoka mbali, nionee huruma."

Daktari alisikia mwisho tu wa maneno hayo. Akavua miwani, akajifuta macho. "Mapenzi yamemzidi," alisema, akampa kibali maalumu chenye mhuri.

*

Lundo lilipompita farasi kwa kimo, ikapangwa siku ya uzinduzi. Hidaya wakati huo alikuwa ameingia mwezi wake. Alikuwa akipanda ngazi mbili za nyumbani kwa kushika ukuta, na usiku na mchana mama yake alilifikiria daraja lile tu.

Daktari akamwita Bi Nangasu. "Mama, tunataka uzinduzi wa kimila, wa asili kabisa. Zamani mfalme alifanya nini?"

Bi Nangasu hakumdanganya. Kudanganya hakukuwa na haja.

"Ipo kazi ya mfalme ambayo hakuna mfalme aliyewahi kuifanya," alisema. "Kushusha jiwe. Alibebe kwa mikono yake mpaka lilikotoka, alitue mlangoni."

Daktari akapiga kofi moja la furaha. "Mkuu wa nchi anashuka mlima na jiwe la mwananchi! Kwenye televisheni! Jiwe lipi?"

"Achaguaye ni mtunza. Nimekwisha chagua. Jekundu lile, la Kwamhafa."

"Zito?"

"Mtungi wa maji na zaidi kidogo."

Daktari akaufikiria mwili wa Mlezi Mkuu, na umri wake, na mustakabali wake yeye Daktari. Akashukuru sana, na siku hiyohiyo akaagiza kiwanda cha magodoro kitengeneze jiwe la sponji.

Lilifika siku moja kabla ya sherehe, ndani ya boksi, limepakwa rangi nyekundu na kuviringishwa kwenye karatasi laini. Bi Nangasu akalibonyeza. Kidole kikazama chote.

"Hili la nani?"

"La taifa," alisema Daktari.

"Shauri gani?"

Daktari akamweleza, kwa upole wa kutosha, kwamba Mlezi Mkuu atalibeba hatua thelathini mpaka penye helikopta, pameandaliwa meza. Kwamhafa haimo katika ratiba.

Bi Nangasu alishuka siku hiyo bila kuona njia. Alimkuta Hidaya anafunga vitambaa vya mtoto kwenye furushi.

"Mama, waache na mlima wao," alisema Hidaya. "Keshokutwa tuanze safari taratibu, nikakae mjini kwa watu mpaka siku ifike."

"Kwa watu gani?"

Hidaya akaendelea kukunja vitambaa. Mjini hawakuwa na mtu, na wote wawili walilijua hilo.

*

Siku ya uzinduzi kulikuwa na jua na upepo. Kidundwe siku zote kina upepo, lakini hakuna aliyekuwa ameuandikia barua. Mlezi Mkuu alihutubia kwa muda wa saa mbili.

"Ndugu wananchi," alisema akihitimisha, "Kirumbi alipendwa. Lakini nimeambiwa kwamba katika miezi mitatu chini ya uongozi wangu yamepanda mawe mengi kuliko katika enzi zote za wafalme. Simcheki marehemu. Nasema tu hesabu ni hesabu. Laiti mawe haya yangekuwa na midomo, leo yangesema nini?"

Umati wote ukatazama chini, kila mtu na vidole vyake vya miguu.

Daktari akaleta jiwe la taifa kwenye mto wa mahameli. Mlezi Mkuu akalichukua, akaliinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja, kamera zimwone vizuri. Upepo ukalichukua. Jiwe likapaa juu ya jukwaa, likaelea juu ya bendi ya polisi, likaligusa tarumbeta moja, likaendelea zake bondeni polepole, likibingirika hewani. Watu elfu kadhaa walilisindikiza kwa macho. Hakuna aliyecheka, maana katika nchi ile kucheka nje ya ratiba ni kosa. Lakini mabega yalitikisika.

Mlezi Mkuu alibaki na mkono juu, mtupu, na matangazo yalikuwa ya moja kwa moja.

Ndipo Bi Nangasu akajitokeza na jiwe jekundu kichwani. Akapiga goti.

"Mtukufu Mlezi, lile lilikuwa na haraka," alisema. "Hili litakungoja."

Mlezi Mkuu alitazama kamera, akatazama jiwe. Mambo mengi yalisemwa juu ya mtu yule, lakini woga wake wa aibu ya hadharani haukuwa wa nusu nusu, ulikuwa mzima. Akalipokea, akayumba, akalikumbatia.

"Linakwenda wapi?"

"Kwamhafa, Mtukufu. Hapo chini tu."

Hapo chini tu palikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Walinzi walitaka kumpokea, lakini Bi Nangasu aliyetangulia aliwageukia kila mara: "Akisaidiwa, si yeye aliyelishusha." Mlezi Mkuu alipumzika mara kumi na moja. Alilitukana jiwe kwa lugha ya kwao, akidhani hakuna aijuaye. Nyuma yake walishuka watu wote wa sherehe, na bendi, na Daktari akitembea kwa miguu yake kwa mara ya kwanza, suti imejaa vishona nguo.

"Nyumbani kwake wapi?" Mlezi Mkuu alihema walipofika kijijini.

"Mlangoni pale. Penye utepe."

Alipouona utepe, mkono ulijua wenyewe la kufanya. Mlezi Mkuu alikuwa amekata tepe zaidi ya elfu nne maishani mwake. Akalibana jiwe kwapani, akanyoosha kiganja, mpambe akaweka mkasi, utepe ukakatika. Bendi ikapiga. Vigelegele vikapasuka, na jengo, baada ya miaka tisa, likawepo. Kisha Mlezi Mkuu akainama kulitua jiwe kizingitini, kitu kikalia kiunoni mwake kama kijiti kikavu, na hakuinuka tena.

Wakamwingiza ndani. Ndani mlikuwa na popo na picha moja ya ukutani inayohimiza watu wanawe mikono.

"Kitanda," alisema Mlezi Mkuu.

"Hakuna, Mtukufu."

"Muuguzi."

"Hakuna, Mtukufu."

"Dawa ya maumivu basi!"

"Nayo hakuna, Mtukufu."

"Nchi hii inaongozwa na nani?" alinguruma, na hakuna aliyethubutu kumjibu.

Ukungu ulikuwa umeshuka, helikopta haikuweza kuruka. Wakamlaza kwenye mkeka wa Bi Nangasu. Lakini kabla ya alasiri kupita malori ya jeshi yalikuwa yamepanda njia ambayo kwa miaka tisa wataalamu walisema haipandiki, yamebeba daktari mmoja, wauguzi watatu, vitanda sita, jokofu la chanjo, jenereta, na dawa za magonjwa hata yasiyofika huko.

Siku ya pili, akiwa na ahueni, Mlezi Mkuu alimwita Bi Nangasu.

"Mama, lile jiwe lilikuwa la nini hasa?"

Akamweleza. Akamweleza habari za machela na daraja, na mtoto ambaye hakulia.

"Pole," alisema Mlezi Mkuu, na yaelekea alimaanisha. "Na yale mengine?"

Bi Nangasu akaketi vizuri, akaanza na la Sempombe na mizinga yake. Alipofika la saba, Mlezi Mkuu aliinua mkono.

"Yako mangapi?"

"Na haya ya juzi, elfu arobaini na moja, mia mbili na tisa."

Mlezi Mkuu akafumba macho. Muuguzi alidhani ni sindano.

Aliondoka siku ya nne. Siku ya tano asubuhi, kwenye kitanda kilekile, Hidaya alijifungua mtoto wa kike, na mtoto huyo alilia mpaka mbuzi wa jirani wakajibu. Bi Nangasu alimshika, akacheka na kulia kwa pamoja, na safari hii hakujali nani anamwona.

*

Aliporudi kileleni baada ya wiki mbili alilikuta lundo limemiminiwa saruji kutoka chini hadi juu, likasakafiwa, likang'aa. Tangazo la serikali lilieleza sababu: ili mapenzi ya wananchi yasipungue hata kwa jiwe moja. Kubandua ni kifungo. Bi Nangasu mwenyewe alipewa kofia na filimbi.

Alilizunguka mara mbili. Yote yalikuwa mle ndani, la Sempombe, la Sakina, la Mbonea, na hakuna mfalme ambaye angeyashusha tena hata akitaka. Alikuwa angali amesimama hivyo alipomwona mtu anapanda kwa miguu, bila koti, jiwe begani, anapumua kama mvukuto.

Alikuwa Daktari Eliakunda Mshigheni. Tume ilikuwa imevunjwa, na yeye ameachishwa kazi kwa kosa la kuruhusu upepo.

Alijaribu kuliweka jiwe lake juu ya lundo. Likateleza kwenye saruji, likaanguka. Akaliokota, akajaribu tena, likaanguka. Mwishowe akalitua kwenye udongo mtupu kando, akasimama mbele ya Bi Nangasu, viganja wazi.

Bi Nangasu alikuwa na maneno ya kumwambia, tena matamu, ameyaweka tangu siku ya sponji. Akamtazama malengelenge ya viganjani, akayameza maneno hayo.

"Jiwe la nani?"

"La Eliakunda."

"Shauri gani?"

Daktari akageuka nyuma kuona kama kuna anayesikia, akashusha sauti.

"Upepo," alisema. "Mama, upepo haukuwa wangu."

Bi Nangasu akalirudia moyoni mara tatu asije akalisahau, kisha akamwomba asogee kidogo, maana nyuma yake watu wenye mawe walikuwa wameshapanga foleni hadi njia panda.